Mtakatifu Teresa wa Avila: Kiongozi Aliyeketi Miguuni pa Bikira Maria

Ndugu msomaji, kila mwaka ifikapo tarehe 15 Oktoba Mama Kanisa hufanya kumbukumbu ya Mtakatifu Teresa wa Yesu, bikira na Mwalimu wa Kanisa, ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa jina la Teresa wa Avila. Tumezoea kumsikia akitajwa kuwa mwalimu wa sala, na ndivyo alivyo. Lakini upo upande mwingine wa maisha yake ambao hatuutafakari mara nyingi: Teresa alikuwa kiongozi. Katika miaka 20 ya mwisho ya uhai wake alisimamia kuanzishwa kwa monasteri 17, alichochea mageuzi katika shirika kongwe la Wakarmeli, alitafuta nyumba, alilipa madeni, alifundisha mama wakuu vijana na kuwaandikia barua hadi usiku wa manane. Hakuzaliwa akiwa kiongozi wa namna hiyo. Kazi hiyo aliianza akiwa na umri wa miaka 47, baada ya kuishi utawani zaidi ya robo karne bila jambo kubwa la kuonekana.

Tumeona vema kumtazama kwa upande huu kwa sababu uongozi ni jambo linalotugusa sote. Katika parokia zetu tunachagua viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, wa halmashauri ya walei, wa vyama vya kitume na wa kwaya. Wapo wanaoukimbia uongozi kwa kuogopa lawama. Wapo wanaoutamani kupita kiasi. Tena wapo wanaokabidhiwa kazi na kukuta nusu ya watu wao hawawataki. Teresa aliyafahamu yote hayo, na safari yake inaweza kutusaidia.

Binti wa Avila

Teresa alizaliwa tarehe 28 Machi 1515 katika Avila, mji wenye kuta za mawe katika nchi ya Castilla, Hispania. Baba yake, Alonso Sánchez de Cepeda, alikuwa mtu wa mali na mcha Mungu. Babu yake mzaa baba alikuwa Myahudi wa Toledo aliyeingia Ukristo, na mwaka 1485 alipewa adhabu ya hadharani na mahakama ya Kanisa iliyochunguza imani. Katika Hispania ya wakati ule, asili ya namna hiyo ilikuwa doa kwa ukoo. Hatushangai basi kwamba baadaye Teresa hakuruhusu watawa wake wapimane kwa ukoo na heshima za dunia.

Tangu utoto alikuwa na moyo wa kuwavuta wengine. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alimshawishi kaka yake Rodrigo watoroke kwenda nchi ya Waislamu, wakauawe huko kwa ajili ya Kristo na kufika mbinguni haraka. Ami yao aliwakuta nje ya kuta za mji na kuwarudisha nyumbani. Mama yake, Beatriz de Ahumada, alifariki Teresa akiwa na umri wa miaka 13 hivi. Binti huyo alikwenda mbele ya sanamu ya Bikira Maria, na kwa machozi akamwomba awe mama yake tangu siku ile. Tuikumbuke sala hiyo, maana miaka zaidi ya 40 baadaye ilimtolea jibu katika saa ngumu.

Ujanani alipenda mavazi mazuri, marashi na hadithi za mashujaa. Baba yake alimpeleka kwa watawa Waagustino wa mjini ili alelewe, na huko wazo la utawa likaanza kumwingia polepole. Tarehe 2 Novemba 1535, akiwa na umri wa miaka 20, aliondoka nyumbani bila ridhaa ya baba yake na kuingia Monasteri ya Umwilisho ya Wakarmeli, nje kidogo ya kuta za Avila. Alikiri baadaye kwamba uchungu wa kuachana na baba yake ulikuwa kama uchungu wa kufa.

Miaka mirefu ya kujifunza kujitawala

Muda mfupi baada ya kuweka nadhiri aliugua sana. Matibabu ya mwanamke mmoja mganga wa kijijini yalimzidishia maumivu. Mwezi Agosti 1539 alipoteza fahamu kwa siku karibu nne, watu wakaamini amekufa, na kaburi likachimbwa monasterini. Aliamka, lakini alibaki amepooza kwa muda wa miaka mitatu hivi. Uponyaji wake aliushukuru kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu, na kwa sababu hiyo monasteri nyingi alizoanzisha baadaye ziliwekwa chini ya ulinzi wa mtakatifu huyo.

Afya iliporudi, kilianza kipindi ambacho yeye mwenyewe alikitazama kwa aibu. Monasteri ya Umwilisho ilifikia kuwa na watawa wapatao 180, wengi kuliko chakula kilichopatikana. Waliotoka katika familia tajiri walikuwa na vyumba vyao na hata watumishi, ilhali maskini walilala pamoja katika bweni. Wageni walijaa katika chumba cha maongezi. Teresa, aliyekuwa mcheshi na mwenye maneno matamu, alipendwa na wageni hao, na wakuu wake waliona faida kumwachia awapokee, kwa kuwa wageni walileta misaada. Saa zilikwenda kwa mazungumzo. Kwa muda wa mwaka na zaidi aliacha kabisa sala ya moyoni, akijidanganya kuwa ni unyenyekevu: mtu mkosefu kama yeye anawezaje kujifanya rafiki wa Mungu? Baba yake alipofariki, mwaka 1543, padre Mdominiko aliyekuwa muungamishi wa mzee huyo alimwongoza Teresa arudi katika sala.

Alirudi, lakini kwa miaka mingi moyo wake uligawanyika. Katika sala alivutwa na dunia, na katika mambo ya dunia alisutwa na sala. Mwaka 1554, alipokuwa na umri wa miaka 39, alikuta katika kikanisa sanamu ya Kristo aliyejaa majeraha, iliyoletwa kwa ajili ya sikukuu fulani. Alianguka mbele yake na kulia, akiazimia kutosimama mpaka ajaliwe alichoomba. Siku zile zile alisoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino, akajiona mwenyewe ndani ya kitabu hicho. Tangu hapo hakurudi nyuma.

Kwa hesabu ya wanadamu miaka ile 19 ni hasara. Lakini ndiyo iliyomfundisha jinsi mtu mwema anavyoweza kujidanganya, jinsi taasisi njema inavyoweza kulegea bila mtu yeyote kukusudia uovu, na jinsi umaskini wa chakula unavyoweza kuua sala. Kiongozi asiyewahi kuuona udhaifu wake huwa mkali kwa udhaifu wa wengine. Teresa hakuwa hivyo kamwe.

Kukubali kuongozwa kwanza

Baada ya uongofu huo Mungu alimjalia neema kubwa katika sala. Badala ya kupata amani, alipata mashaka ya watu. Baadhi ya watu wenye elimu mjini walimwambia kwamba anayoyaona yanatoka kwa shetani. Teresa hakuwadharau, wala hakujitangazia utakatifu. Aliandika hali ya roho yake, akaipeleka kwa wenye elimu na wenye sala: Wayesuiti, Wadominiko, na hatimaye Mfransisko Petro wa Alcántara, ambaye mwaka 1560 alimthibitishia kwamba ni kazi ya Mungu. Hakuchagua tu washauri wa kumsifu. Alipenda muungamishi msomi kuliko muungamishi mpole asiyejua mafundisho, na desturi hiyo hakuiacha hata alipokuwa maarufu.

Jioni moja ya mwaka 1560 watawa na jamaa wachache walikuwa wakizungumza katika chumba chake juu ya maisha ya wakaapweke wa kale wa Mlima Karmeli. Mmoja wao, María de Ocampo, binti wa jamaa yake, alisema kama kwa utani kwamba wangeweza kuanzisha monasteri ndogo na kuishi vivyo hivyo, naye akaahidi kutoa sehemu ya mali yake. Teresa alilipeleka jambo hilo katika sala na kwa washauri wake. Mkuu wa Provinsi alikubali, kisha kelele za mjini zilipozidi akakataa. Teresa alinyamaza kwa miezi kadhaa, akaendelea na kazi zake za kila siku. Ruhusa ilipopatikana kutoka Roma, dada yake Juana na shemeji yake walikuwa wamenunua nyumba ndogo kana kwamba ni ya kwao wenyewe, na kaka yake Lorenzo alikuwa ametuma fedha kutoka nchi ambayo leo ni Ekuado.

Tarehe 24 Agosti 1562 kengele ndogo ililia, Misa Takatifu ikaadhimishwa, na wanovisi wanne wakavikwa mavazi mazito ya utawa. Monasteri ya Mtakatifu Yosefu ikazaliwa. Siku hiyo hiyo mji ulichafuka. Halmashauri ya mji ilihofia mzigo wa monasteri nyingine isiyo na pato la kudumu, ikafungua kesi. Teresa aliitwa arudi Umwilisho ajieleze. Alikwenda, akapiga magoti mbele ya wakuu wake na kujibu alichoulizwa bila kumlaumu mtu. Padre Mdominiko Domingo Báñez aliitetea monasteri hiyo hadharani, na Askofu Álvaro de Mendoza aliichukua chini ya mamlaka yake. Miezi kadhaa ikapita kabla Teresa hajaruhusiwa kujiunga na binti zake.

Nyumba ndogo yenye utaratibu

Sheria alizowaandikia watawa wake zinaonyesha kiongozi aliyejua alichokosa kule alikotoka. Alitaka idadi iwe ndogo, 13 tu kwa mwanzo, ili wote wafahamiane na kupendana kama ndugu. Hakuna aliyeitwa kwa cheo cha kibwanyenye. Wote walifanya kazi ya mikono, wakisokota nyuzi ili wapate riziki. Kulikuwa na saa mbili za sala ya moyoni kila siku, na pia muda wa kupumzika na kuchangamka pamoja, maana Teresa aliogopa watakatifu wenye nyuso za huzuni. Na katika orodha ya zamu za kufagia, jina la kwanza lilikuwa la mama mkuu.

Jambo hilo la ufagio tusilipite haraka. Ni rahisi kiongozi kuhubiri unyenyekevu, lakini Teresa aliuandika katika ratiba. Mama mkuu aliyechoka, au aliyejisahau, angekumbushwa na orodha iliyobandikwa ukutani kwamba zamu yake imefika.

Miaka karibu mitano aliyokaa pale aliihesabu kuwa ya utulivu kuliko yote ya maisha yake. Ndipo watawa walipomwomba awaandikie juu ya sala, akawaandikia kitabu kiitwacho Njia ya Ukamilifu. Angeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 1567 Mkuu wa Shirika zima la Wakarmeli, Giovanni Battista Rossi, alifika Avila. Teresa aliogopa kwamba angekasirika. Kumbe alifurahi, akamruhusu aanzishe monasteri nyingine za namna hiyo, na baadaye hata nyumba mbili za wanaume.

Barabarani kwa ajili ya Bwana

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 1567 Teresa aliingia Medina del Campo na wenzake wachache, wakitembea kwa miguu wakati mafahali wa mchezo wa sikukuu wakiswagwa mjini. Nyumba waliyoikuta ilikuwa gofu. Walifagia vifusi, wakatundika vitambaa kuficha kuta zilizobomoka, na kulipopambazuka altare ilikuwa tayari. Baada ya hapo zikafuata Malagón, Valladolid, Toledo, Pastrana, Salamanca na Alba de Tormes. Alisafiri kwa mikokoteni iliyofunikwa, katika joto, theluji na mafuriko, huku afya yake ikiwa dhaifu siku zote. Toledo alianza akiwa na sarafu chache tu, na aliyemsaidia kupata nyumba ni mwanafunzi maskini aliyeitwa Andrada, ambaye wenzake Teresa walimdharau kwa mavazi yake.

Medina ndipo alipokutana na padre kijana Mkarmeli, mwenye umri wa miaka 25 na kimo kifupi, aliyekuwa akifikiria kuhamia shirika la wakaapweke Wakartusi. Huyo ndiye tunayemjua leo kwa jina la Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Teresa alimsihi asubiri. Mwaka uliofuata alimchukua hadi Valladolid, akae karibu na watawa wapya na aone kwa macho yake namna wanavyosali, wanavyofanya kazi na wanavyochangamka. Hakumpa hotuba tu. Kisha akamwachia nafasi. Tarehe 28 Novemba 1568 nyumba ya kwanza ya mapadre na mabruda Wakarmeli Peku ilianza Duruelo, katika kibanda cha shamba. Teresa alimtambua aliyemzidi katika mambo kadhaa, akamlea bila wivu, na baadaye akawa mtoto wake wa kiroho. Ni viongozi wangapi kati yetu wanaothubutu kuwalea watu waliowazidi?

Si kila alichogusa kilifanikiwa. Huko Pastrana, binti mfalme wa Éboli aliyekuwa mfadhili wa monasteri alifiwa na mumewe, akaingia utawani kwa amri yake mwenyewe, akitaka kutumikiwa na watawa kama malkia. Teresa alivumilia kwa kadiri alivyoweza. Alipoona maisha ya sala yanaharibika, mwaka 1574 aliwaondoa watawa wake usiku na kuwapeleka Segovia. Alikubali kupoteza nyumba na mfadhili mkubwa kuliko kupoteza kusudi la nyumba.

Funguo kwa Mama

Tukio ambalo kwetu linaeleza uongozi wa Teresa kuliko jingine lolote lilitokea Oktoba 1571. Mkaguzi aliyetumwa kwa mamlaka ya Papa, Mdominiko Pedro Fernández, alikuta Monasteri ya Umwilisho katika hali mbaya. Njaa ilikuwa imeingia, na watawa wengi walikuwa wakirudi kwa jamaa zao ili wapate kula. Aliamua kumteua Teresa awe mama mkuu wa pale, bila kura ya watawa. Teresa hakutaka. Alikuwa anarudishwa katika nyumba aliyoiacha, kwa watu ambao wengi wao waliona kwamba kuondoka kwake kuliwaaibisha, na alikuwa na monasteri changa zilizomhitaji. Alitii.

Siku ya kumpokea ilikuwa ya fujo. Watawa waliompinga walizuia mlango, wakapiga kelele. Waliomtaka walianza kuimba utenzi wa shukrani, na sauti za pande mbili zikagongana. Wengine walizimia. Teresa aliingia kwa kusaidiwa na Mkuu wa Provinsi, akawahudumia waliozimia, na aliwatetea waliompinga akisema wana haki ya kuumia.

Baada ya hapo ulifika mkutano wa kwanza wa jumuiya. Watawa walikuja wakiwa tayari kwa vita, wakingoja karipio. Walipoingia, waliona kiti cha mama mkuu kimekaliwa. Teresa alikuwa ameweka pale sanamu ya Bikira Maria, na mikononi mwake funguo za monasteri. Yeye mwenyewe aliketi chini, miguuni pa sanamu hiyo. Kisha aliwaambia kwa maneno machache kwamba amekuja kuwatumikia, kwamba yeye ni binti wa nyumba hiyo na anaujua udhaifu wake mwenyewe kuliko wa mtu mwingine, na kwamba wasiogope kutawaliwa naye.

Binti yule yatima aliyemwomba Bikira Maria awe mama yake alikuwa sasa anampa Mama huyo funguo zake. Haikuwa hila ya kuwatuliza watu. Ndivyo alivyoamini: kwamba nyumba ile haikuwa mali yake, na kwamba anayeshika funguo anazishika kwa niaba ya mwingine.

Kazi yake ya kwanza haikuwa kuwarekebisha watawa bali kuwalisha. Aliandika kwa marafiki na jamaa kuomba fedha na chakula, akawashughulikia wagonjwa kabla ya wengine. Njaa ilipopungua, alianza kidogo kidogo kupunguza wageni katika chumba cha maongezi. Mwaka 1572 alimleta Yohane wa Msalaba awe muungamishi wa monasteri, kwa kuwa alijua kwamba mioyo haigeuzwi kwa amri. Alipomaliza muda wake wa miaka mitatu nyumba ilikuwa imebadilika. Mwaka 1577, ulipofika uchaguzi mwingine, watawa zaidi ya 50 wa nyumba ile ile iliyomfungia mlango walimpigia kura Teresa, ingawa wakuu walikuwa wametishia kuwatenga na Kanisa wote watakaofanya hivyo. Walitengwa kweli, wakavumilia. Kiongozi hawezi kupewa ushuhuda mkubwa kuliko huo.

Kutii wakati wa dhoruba

Wakati huo dhoruba ilikuwa imekwisha kuanza. Mageuzi yaliwatia hofu Wakarmeli wa desturi ya zamani, na haraka ya baadhi ya Wakarmeli Peku ilichochea moto. Mwaka 1575 mkutano mkuu wa shirika uliofanyika Piacenza, Italia, ulitoa amri kwamba Teresa achague monasteri moja, akae humo, na asianzishe nyingine. Alikwenda Toledo. Balozi wa Papa, Felipe Sega, alimwona kuwa mwanamke asiyetulia, mzururaji na mkaidi. Usiku wa Desemba 1577 Yohane wa Msalaba alikamatwa na kufungwa katika chumba kidogo cha giza huko Toledo, hadi alipotoroka Agosti 1578. Mkesha wa Noeli wa 1577 Teresa alianguka ngazini na kuvunjika mkono wa kushoto, ambao haukupona sawasawa tena.

Katika kipindi hicho alifanya nini? Alitii, lakini hakunyamaza. Alimwandikia Mfalme Filipo wa Pili kumwombea Yohane. Aliwaandikia mama wakuu wake akiwatuliza na kuwashauri juu ya fedha, wagonjwa na wanovisi wasiofaa. Barua zake zaidi ya 450 zimehifadhiwa hadi leo. Na kati ya Juni na Novemba 1577, akiwa amewekewa mipaka, aliandika Ngome ya Ndani, kitabu chake kikubwa kuliko vyote juu ya sala. Mwaka 1580 Papa Gregori wa Kumi na Tatu aliwapa Wakarmeli Peku provinsi yao wenyewe, na mwaka 1581 walifanya mkutano wao wa kwanza huko Alcalá. Teresa akaingia tena barabarani: Villanueva de la Jara, Palencia, Soria, na mwisho Burgos, aliyoifikia Januari 1582 kupitia mafuriko.

Siku za mwisho

Tusimchore Teresa kana kwamba hakukosea. Alimpenda na kumwamini padre Jerónimo Gracián kiasi kwamba wakati mwingine hakuona makosa yake. Barua zake nyingine zina ukali, na alijua hivyo. Tena watu aliowalea hawakumtendea mema siku zote. Mwezi Septemba 1582, akirudi kutoka Burgos akiwa mgonjwa, alipita Valladolid. Mama mkuu wa pale alikuwa María, yule yule ambaye usiku ule wa mwaka 1560 aliahidi mali yake kwa ajili ya monasteri ya kwanza. Ulikuwapo ugomvi juu ya wosia wa Lorenzo, kaka yake Teresa, na María alimpokea kwa ubaridi na kumtaka aondoke. Medina pia mama mkuu alichukizwa na onyo dogo. Teresa aliondoka bila chakula cha njiani. Mtawa aliyemhudumia, Ana wa Mtakatifu Bartolomayo, alitafuta mayai na hakuyapata, akampa tini kavu tu. Teresa alimfariji Ana, akimwambia kwamba tini hizo ni nzuri na kwamba maskini wengi hawana hata hizo.

Alikuwa anataka kufika Avila, kwa binti zake wa kwanza. Wakuu walimwagiza apitie Alba de Tormes, naye akatii kwa mara ya mwisho. Alifika akiwa hoi, akalala kitandani na hakuinuka tena. Aliwaomba watawa msamaha, akawasihi washike kanuni zao, na alimshukuru Mungu mara nyingi kwamba anakufa akiwa binti wa Kanisa. Aliaga dunia jioni ya tarehe 4 Oktoba 1582, akiwa na umri wa miaka 67. Usiku huo kalenda ya zamani ilikoma, na siku iliyofuata ikahesabiwa kuwa tarehe 15 Oktoba. Ndiyo maana tunamkumbuka siku hiyo.

Papa Gregori wa Kumi na Tano alimtangaza mtakatifu tarehe 12 Machi 1622, pamoja na Ignasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Filipo Neri na Isidori mkulima. Tarehe 27 Septemba 1970 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Tunapokabidhiwa funguo

Ndugu msomaji, huenda mwaka huu wewe umechaguliwa kuongoza jumuiya yako, au umeachwa ukaumia. Huenda unashika funguo za sakristia, daftari la michango au muhuri wa chama. Ukikuta watu wameufunga mlango, kumbuka Oktoba ile ya 1571: Teresa aliwahudumia kwanza waliozimia, akatafuta mkate, na mabadiliko akayaanza baadaye. Ukiwa unapendwa na wote, kumbuka chumba cha maongezi na saa zilizopotea humo. Ukiondolewa, kumbuka Toledo na kitabu kilichoanza kuandikwa huko. Na ukilipwa ubaridi na mtu uliyemlea, zikumbuke zile tini kavu.

Tunawaalika viongozi wote wa parokia zetu kutenga muda wa sala ya kimya kila siku, hata robo saa, kabla ya kushika kazi za uongozi. Teresa hakutenganisha mambo hayo mawili. Aliamini kwamba upendo uliopatikana katika sala huonekana katika matendo, na kwamba Bwana yupo hata jikoni kati ya vyungu. Kwa kiongozi asiyesali, funguo alizopewa huanza upesi kuonekana ni zake mwenyewe.

Mtakatifu Teresa wa Yesu, mama na mwalimu wetu, utuombee. Utupatie kwa Bwana viongozi wenye moyo wa kutumikia, nasi utujalie kuwasaidia badala ya kuwafungia mlango. Amina.